Kitabu cha Tano

Kimefika Jumatatu, ndani ya robota la mitumba
alilotumiwa shangazi kutoka Mombasa,
kinanuka naftalini, kona moja imekunjika.
Miaka miwili na miezi minne, Barke.
Nikakifunika kwa karatasi ya kalenda ya benki
kama vile vinne, nikapanda darini,
nikatia komeo.

Unakikumbuka cha kwanza? Tulikuwa kidato cha pili.
Mchana zamu yangu, usiku zamu yako,
na ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili
hadi leo una dole gumba lako, jekundu la mabuyu,
pale Kaifa, nusu mtu nusu jini,
alipolitamka jina la Sadifa mara ya kwanza
na bahari ikakauka hatua saba.
Zamu yangu ya pili uligonga ukuta kwa kijiko,
ukuta huu mnene wa Langoni unaomeza hata vilio:
Umefika? Umefika pale?

Tuliwahi kununiana siku tatu
kwa sababu ya mwana wa mfalme mwenye filimbi.
Wewe ulimtaka. Mimi sikumtaka.
Kisha ukaenda Malindi kusuka nywele za watu,
ukaniachia vitabu vyote na sharti moja:
cha tano tukisome pamoja, hata kwa simu.

Sharti nimelivunja. Nimesoma hadi adhana ya alfajiri,
mato yananiwasha,
na robo ya mwisho nikawa nahesabu kurasa kwa kidole
kama mtu asiyeiamini chenji aliyorudishiwa.
Kurasa thelathini, vita havijaanza.
Kurasa ishirini, Sadifa anachagua gauni.
Halafu sentensi moja: Vita vikaisha.
Nikarudi nyuma, nikidhani karatasi zimegandana.

Yule dada kilema aliyeapa, katika cha pili,
kwamba atarudi na pete?
Hakurudi. Wala hakufa.
Bado amesimama lango la saba, mvua inamnyeshea,
hakuna aliyekumbuka kumfungulia.
Na Kaifa! Busu moja, akawa mtu.
Moto wote ule, puu, kama kibatari.
Miaka kumi baadaye ana ndevu, ana duka la vitambaa,
ana pacha waliopewa majina ya marehemu,
wanacheka uani.
Nilitaka kukitupa dirishani,
nikaona chini kuna punda wa watu.

Mgema tulimsifu wenyewe, najua.
Lakini hata nyanya yangu, aliyesinzia katikati ya ngano zake,
alimaliza kwa adabu: kama njema ichukueni,
kama mbaya nirudishieni mwenyewe.
Huyu nitamrudishia wapi?

Saa mbili usiku ukapiga. Draya inavuma nyuma yako.
"Nasikia kimefika. Kimeishaje?"

Nikafungua kinywa niseme ukweli,
nikaisikia sauti yangu: Dada amerudi, Barke.
Amerudi na pete, na haimtoshi mtu yeyote,
wakaitia kisimani.
Kaifa amebaki moto. Hakubadilika hata unywele.
Sadifa amejenga nyumba
karibu kiasi cha kuona mwanga wake,
mbali kiasi cha kutoungua,
na usiku wa baridi sana
anafungua madirisha yote.

"Na wa filimbi?"
Nimemuua. Samahani. Nimemuua vizuri.

Draya ikazimwa.
Nikasikia mtu akilipa, akihesabiwa, akiondoka.
"Ukurasa wa ngapi huo?"

Sikujibu.

"Mimi nilikimaliza Alhamisi iliyopita," ukasema.
"Nilikinunua kwa pesa ya kodi, mwenye nyumba ananitafuta.
Nilitaka nione utanidanganya vipi."

Ukavuta kiti. Nilikisikia kikikwaruza sakafu.

"Basi rudia. Polepole. Anzia pa madirisha.
Na yule wa filimbi, tafadhali,
mjeruhi tu."